Jina Nililoona Haya Kuliandika

Watu wakinisifu kwamba nina adabu, huwa nabadili mazungumzo. Juzi, kwenye msiba wa Mama Shija, mzee mmoja wa ukoo wao alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu binti alilelewa akaleleka," na mimi binti mwenyewe nina miaka hamsini na magoti yanayolalamika, nikahisi kichwa kinaniuma papo hapo. Nilikuwa nimetoka Mwanza asubuhi na mkoba ambao ndani yake, chini ya dawa za presha na leso ya kujifutia machozi, kulikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa mara nne. Karatasi zile zilikuwa mali ya marehemu. Nilikuwa nimekaa nazo tangu mwaka wa tisini na saba. Kila nilipokwenda kumsalimu nilizibeba, na kila nilipoaga niliondoka nazo. Safari hii sikuwa na wa kumkabidhi, ila nilizibeba tu, maana mazoea yana taabu.

Nitaruka habari za nilikozaliwa na jinsi nilivyosoma, hazina msaada hapa. Nianze na chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma katika ofisi ya familia moja ya Wahindi mjini Shinyanga, wauzaji wa pampu za maji, mipira ya kuvutia maji, makarai na vipuri, waliokuwa na duka la pili Geita kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Upande mmoja kilipakana na ghala, upande wa pili na ngazi ya kupandia nyumbani kwa wenye mali, kwa hiyo asubuhi kilinuka mpira mpya na udi ambao mke wa Mzee, tajiri wetu, aliuchoma mbele ya miungu yake, na ikifika saa sita kikaanza kunuka dengu na chapati za samli. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Kijana wa Mzee, Kirit, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na maboksi mawili ya disketi, na katika wiki tatu alikwishawafukuza panya, akapaka rangi, akafunga feni, akaweka mezani kompyuta nyeupe iliyokuwa imeanza kugeuka rangi ya siagi. Alisema hiyo ndiyo itakuwa posta yetu. Wapakiaji wa ghalani walicheka mpaka wakakaa chini.

Mtu wa leo anayetuma ujumbe huku anatafuna muhindi atanisamehe nikieleza kidogo. Duka la Geita nalo lilipewa kompyuta ya namna ile, na kati ya hizo mbili kulikuwa na waya wa simu, siku ulipokubali. Kila siku saa saba mchana, ofisi za serikali zilipokwenda kula na laini zikapumua, mashine ya Geita iliipigia ya kwetu. Kidude kidogo kiitwacho modemu kililia, kikakoroma, kikapiga kelele kama paka wawili juu ya bati, kisha kikanyamaza, na katika ule ukimya barua za siku nzima zilipita, zao zikija na zetu zikienda. Baada ya hapo mashine yetu ilisoma jina lililoandikwa juu ya kila barua na kuitia katika sanduku la mwenyewe. Kirit alinifundisha kuipanga kwa sababu nilipiga chapa bila kutazama vidole. Niligundua kwamba ukisahau nukta moja katika faili la mipangilio, mashine inakunyamazia kama mkwe aliyeudhika. Tulikosea siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya kwanza kutoka Geita, neno moja tu, "Salama?", iliyoandikwa na karani wao mpya aitwaye Deus. Kirit akanikumbatia mbele ya watu kwa furaha, na kuanzia saa ile maneno yakaanza.

Shinyanga ya wakati ule haikuwa na mahali pa kuficha neno. Kufika jioni, muuza nyanya wa sokoni alikuwa ananiita bibi harusi wa Kihindi. Niliona aibu mpaka nikawa napita njia ya nyuma kwenda kazini. Mtu pekee ambaye hakunitania alikuwa Mama Shija, karani wa mafaili, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyejua kila karatasi ya ofisi ile ilipolala. Ndiye pia aliyekuwa amenipangisha chumba nyumbani kwake Ngokolo, ambako aliishi na bintiye Minza, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Chumba changu kilikuwa cha mwanawe mkubwa. Kulikuwa na kitanda cha kamba, madaftari ya kidato cha nne mvunguni, na shati la bluu kwenye msumari.

"Kitanda hiki cha Shija," aliniambia siku nilipohamia. "Akirudi, wewe utalala na Minza. Lile shati usiliondoe."

"Yuko wapi, mama?"

"Machimboni. Machimbo gani, Mungu anajua. Mtihani ulimshinda, nikamtafutia kazi hapa kwa Mzee, akakataa, anataka dhahabu. Nikamwambia, ukienda huko usinirudie na vumbi lako. Naye akanijibu."

Hakuniambia alijibiwa nini, wala sikuuliza. Alikung'uta shuka, akalitandika, akapitisha kiganja juu yake mara mbili tatu kulinyoosha, kisha akaniacha. Nililala katika kitanda kile mwaka mzima, nikamzoea mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Nilijua alikuwa mzembe wa hesabu na mzuri wa ramani. Nilijua mwili wake ulikuwa mwembamba, kwa sababu siku moja, Mungu anisamehe, nililijaribu lile shati na halikunipita mabegani.

Mwezi wa nne Kirit alirudi ng'ambo kumalizia masomo. Kazi ya mwisho aliyoniachia ilikuwa kumpa kila mfanyakazi sanduku lake. Kanuni yake ilikuwa nyepesi, na alikwishaifundisha Geita pia: jina la kwanza la mtu, kwa herufi ndogo, basi. Yeye alikuwa kirit, mimi veronika. Nikaenda hivyo hivyo hadi kwa Mama Shija, vidole vikagoma. Jina lake lilikuwa Kabula. Nililijua kutoka kwenye orodha ya mishahara, na sikuwa nimewahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu. Mama huyu ambaye kila asubuhi nampigia goti, shikamoo, naye akaitikia marahaba na kunipa uji, leo nimwandike kabula, mkavu, kama mwenzangu tuliyeruka naye kamba? Niliona haya kana kwamba ananitazama. Nikalifuta, nikaandika mamashija. Nilimwita aje aone. Akainama, akasoma kwenye kioo, akacheka kwa kifua.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Hilo ndilo jina langu."

Na kweli ndilo lilikuwa. Mzee alimwita hivyo, wapakiaji walimwita hivyo, hata mawakala wetu wa Mwanza, waliopata mashine yao baada ya Geita, walimwandikia kuhusu mafaili kwa jina hilo, na barua zao zilifika bila taabu. Sikuona sababu ya kumwarifu mtu kwamba nimeiacha kanuni mara moja tu, kwa heshima.

Asubuhi Kirit alipoondoka, gari likiwa limewashwa na mama yake akimfunga uzi mwekundu mkononi, alisimama mlangoni pa kile chumba akinitupia maagizo kama mtu anayerusha mizigo kutoka juu ya basi. Nilikuwa na daftari. Nikaandika jinsi ya kuizima mashine umeme ukikatika, jinsi ya kupunguza sauti ya modemu, nani wa kumwona waya ukikatwa. Katikati ya hayo alisema kuhusu barua zinazokuja na jina ambalo mashine hailijui. Kuzirudisha zilikotoka kungekula muda wa simu, kwa hiyo alikuwa ameipanga izitie zote katika sanduku lake yeye. Alisema na jambo jingine juu ya hilo, lakini mama yake aliita, dereva akapiga honi. Katika daftari langu mstari ule unasomeka hivi: "Zisizo na mwenyewe — kwa Kirit." Unaishia hapo.

Basi tukaanza maisha ya saa saba. Chumba kile ndicho kilichokuwa na feni, kwa hiyo mimi na Mama Shija tulikula humo, magoti yetu yakigusana chini ya meza. Alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, siku nyingine ugali na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye chupa ya soda. Mke wa Mzee alituteremshia chapati zilizobaki. Modemu ikilia, Mama Shija aliacha kutafuna. Ikinyamaza, aliuliza, bila kunitazama, "Haijaniletea kitu?" Mara nyingi nilijibu bado, mara nyingine nilimpa karatasi ya Mwanza kuhusu faili lililopotea, naye aliipokea na kuiweka pembeni. Nilielewa alichokuwa anasubiri. Wachimbaji wa Nyarugusu na kwingineko wote walinunua makarai kwa Deus, na Deus, kwa wema wake, alikuwa anawaandikia barua wanaoomba. Nilimwambia nimwandikie Deus amtafute kijana.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye mama. Mkubwa hamfuati mdogo na ombi. Atapita pale siku moja, atanunua karai, ataona hiyo mashine, atauliza. Mimi nipo."

Kila mwisho wa simu kioo kilionyesha orodha ya masanduku na idadi ya barua ambazo hazijasomwa. La Kirit lilikuwa juu kabisa. Mwezi wa tano lilisema tisa. Mwezi wa sita, thelathini na kitu. Dereva wetu, mtu wa masihara, alikuwa akichungulia begani kwangu.

"Vero, fungua bwana! Huenda mchumba wake wa Kihindi ameandika. Ujue msimamo wako."

"Barua ya mtu ni siri ya mtu," nikamjibu kwa ukali, kwa sababu maneno ya sokoni yalikuwa bado yananichoma. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayesema nimegusa kitu cha kijana yule.

Mama Shija alimeza tonge lake, akasema, "Hiyo ndiyo tabia, mwanangu. Usifungue." Nakumbuka jinsi nilivyofurahi. Nakumbuka hata mlenda uliokuwa mezani siku hiyo, ulikuwa na nyanya chungu. Nimejaribu miaka yote hii kuusahau mlo ule, na nimeshindwa.

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuja kwa hasira. Barabara ya Geita ilikatika mara mbili, waya wa simu ukaanguka na kuinuliwa. Siku moja mashine ililia, ikanyamaza, Mama Shija akauliza swali lake, nikamwambia bado. Ilikuwepo barua moja tu, ya Mzee, na barua za Mzee zilisomwa naye mwenyewe juu, kwenye kioo chake, kwa waya aliouvuta Kirit kupitia darini. Kwetu habari ya kifo haimwendei mfiwa moja kwa moja, hupitia kwa wakubwa, na Deus alikuwa mtu wa kwetu. Tulisikia kiti cha Mzee kikisukumwa. Kisha akateremka ngazi peku, yeye ambaye sikuwahi kumwona chini bila viatu, akasimama mlangoni akiwa ameshika ukuta.

"Mama Shija," alisema, "panda juu kidogo. Mke wangu anakuita."

Mama Shija alitazama ile miguu. Akaweka chini mchembe aliokuwa ameuuma nusu, akajifuta vidole kimoja kimoja, akanyanyuka. Nilibaki nikihesabu hatua zake kwenye ngazi. Sauti iliyofuata sitaiandika.

Duara, yaani shimo la dhahabu alimokuwa akichimba Shija, lilikuwa limeporomoka kwa maji, yeye na wenzake wawili wakiwa chini. Walitolewa siku ya pili. Mwili ulikuja kwa pikapu kupitia Kahama, ukazikwa kijijini kwao, mbele kidogo ya Kagongwa. Ofisi yote ilikwenda mazishini isipokuwa mimi, kwa sababu mtu ilibidi abaki na mashine ifikapo saa saba. Nilijitolea mwenyewe. Nilidhani nimefanya jambo la maana.

Alirudi kazini baada ya mwezi, amekonda, kichwa kimenyolewa. Wiki hiyohiyo mashine ikaanza kukataa kupokea barua, diski imejaa. Kirit alimpigia baba yake kutoka ng'ambo, nikaitwa juu nizungumze naye.

"Veronika, tazama sanduku langu," alisema. "Huenda ndilo lililojaa."

"Sanduku lako sijaligusa."

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke."

"Lakini lile ni langu kwa jina tu," alisema. "Ni la barua zilizopotea. Nilikuambia uziangalie kila siku."

Niliteremka nikalifungua. Kulikuwa na barua mia mbili na kitu, karibu zote malalamiko ya mashine yenyewe, kwa Kiingereza. Katikati yake kulikuwa na tatu za Kiswahili, zote zimetoka Geita, zote zimeandikwa juu yake: kabula.

Nilizisoma nikiwa nimesimama. Ya kwanza, ya mwezi wa tano, ikimwita mayu, yaani mama: "Mayu, shikamoo. Ni mimi Shija. Niko Nyarugusu, mzima. Neno nililokujibu siku ile linaniuma kuliko jembe. Nataka kurudi ila sitaki kufika mlangoni nikafukuzwa mbele ya Minza. Ukisema nije, nitakuja. Mjibu huyu Deus, mimi napita hapa kila Jumamosi." Ya pili, ya mwezi wa saba: "Mayu, nimepita Jumamosi saba. Deus anasema barua ilifika maana haikurudi. Nimekununulia kitu, nitakuja nacho mwenyewe ukiniita. Hata neno moja linatosha." Ya tatu ilikuwa fupi. "Mayu, nimeelewa. Usihangaike kujibu. Mwenye duara amenipa nafasi ya kushuka chini, nitakaa mpaka mwaka uishe. Msalimie Minza. Hata usiponitaka, mimi ni wako."

Deus hakuwa na kosa. Alimwuliza kijana, mama yako anaitwa nani, akafuata kanuni aliyofundishwa. Na Shija angejibu nini? Dunia nzima ilimwita yule mwanamke Mama Shija, isipokuwa mtu mmoja ambaye asingeweza, kwa sababu Shija ni yeye. Kwa adabu yangu nilikuwa nimempangia mama yule sanduku ambalo kila mtu aliweza kulifikia ila mwanawe. Ingetosha kuongeza mstari mmoja katika lile faili la majina, kwamba kabula na mamashija ni mtu mmoja. Baadaye nilifanya kazi hiyo ya mashine maisha yangu yote, nimepanga seva za barua katika ofisi nisizozihesabu, na mstari wa namna ile huchukua nusu dakika kuuandika.

Nilikuwa bado nimesimama alipoingia na bakuli la michembe. Ilikuwa saa saba. Alikaa mahali pake. Modemu haikulia siku hiyo, diski ilikuwa imejaa, lakini yeye alisubiri kidogo kama kawaida, kisha midomo yake ikasema yenyewe, kwa mazoea tu, kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kumwandikia, "Haijaniletea kitu?"

Karatasi zilikuwa hazijachapwa, barua zilikuwa kwenye kioo, pale pale, upana wa mkono mmoja kutoka usoni kwake. Angeinua macho angeziona. Nikabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi.

"Hapana, mama," nikasema. "Imejaa takataka tu."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea bakuli. Nikala. Ndiyo, nilikula, na ndiyo maana nasema mambo haya wazi: woga haukunizuia hata kumeza.

Kesho yake nilizichapa, nikazifuta kwenye mashine. Nilijiambia nitampa akipata nguvu. Halafu nikajiambia kwamba nikimpa nitamuua, kwamba ni afadhali aamini mwanawe alikufa na kiburi kuliko ajue alikufa akisubiri neno moja. Huenda kulikuwa na ukweli hapo. Lakini nilikuwa pia najiokoa mwenyewe, na sehemu hiyo niliijua vizuri. Jioni nilirudi Ngokolo nikalala katika kitanda chake, shati lake msumarini, barua zake chini ya godoro. Sikulala kweli. Mwaka ulipoisha nilihamia Mwanza, nikasingizia mshahara.

Nilimtembelea kila mwaka. Nilimpelekea sukari, vitenge, baadaye wanangu wamjue. Alizeeka polepole, akawa mzito wa masikio, akajifunga siku zote kanga moja ya kijani iliyochakaa, na kila nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza akicheka kidogo, "Na mashine yako, haijaniletea kitu?" Nilichukulia ni utani wetu wa zamani. Nilicheka nami. Karatasi zikiwa mkobani, nilicheka.

Siku ya pili baada ya mazishi ya juzi, kule kijijini kwao, wageni walipoanza kupungua, Minza alinikuta nyuma ya nyumba nikisuuza masufuria. Ni mwalimu sasa, ana nywele nyeupe mbili tatu na sauti ya mama yake. Alikuwa ameishika ile kanga ya kijani, imefuliwa, imekunjwa.

"Dada Vero, unaijua hii ilitoka wapi?"

"Mama aliipenda sana," nikasema.

"Ilitoka kwa kaka. Yule karani wa Geita, Deus, aliileta siku ya tatu ya msiba wake. Kaka alimwachia amtunzie. Nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama, nikasikia yote. Deus alimwuliza, mama, zile barua tatu hukuzipata? Mama akasema hakupata. Deus akaapa kwamba zilifika, hazikurudi." Aliniangalia. "Mama alirudi kazini akijua zimo ndani ya ile mashine yako."

Sufuria liliniponyoka. Nikamwuliza mbona hakuniuliza.

"Alikuuliza. Kila siku. Kila ulipokuja." Minza alivuta pumzi. "Mimi ningekushika shati, nakwambia kweli, nilitaka. Alinikataza. Alisema, Vero ni mtoto mwenye adabu, ataleta mwenyewe. Hata wiki iliyopita alisema."

Nililia pale nyuma ya nyumba, mikono imejaa masizi, na hakunibembeleza, wala sikustahili. Alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza kama ninazo, nikamwonyesha mkoba. Hakunyoosha mkono kuzipokea. Alitangulia njiani, nikamfuata, tukapita mashamba ya pamba hadi penye makaburi mawili, moja limesakafiwa zamani na limeota nyufa, jingine udongo mbichi na misalaba ya maua ya karatasi.

"Soma," alisema.

"Hapa?"

"Kwani yuko wapi?"

Nikazikunjua. Wino ulikuwa umefifia kuwa wa kijivu, mikunjo imekula maneno mengine, lakini sikuyahitaji macho, nilizijua kwa moyo. Nilianza na lile jina lililo juu, nikaishia silabi ya kwanza. Miaka yote ile sikuwa nimelitamka hata mara moja. Nilijaribu tena, likatoka dogo, kama linaomba ruhusa.

"Kwa nguvu," Minza alisema. "Mwishoni alikuwa hasikii vizuri."

Basi nikasimama wima, mwanamke mzima wa miaka hamsini, nikamwita mkubwa wangu kwa jina lake tupu, Kabula, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa shamba, nikamwambia una barua.